FOLENI ILIYOFICHWA NDANI YA MNARA

Mtu akikaa Kahama, Katoro au Shinyanga mjini kwa siku chache tu, atasikia manung'uniko ya namna moja kutoka kwa wenye maduka, watumishi wa ofisi na vijana wa vyuo. Simu yaonyesha mistari yote ya mnara. Kipimo cha kasi chaleta tarakimu za kupendeza. Na bado mazungumzo hukatika katikati ya neno, picha ya video hugota, na ukurasa mdogo usio na hata picha moja huchukua muda wa mtu kunywa maji na kurudi. Wakubwa wakiulizwa, jibu huwa ni lile lile: mtandao umezidiwa, subirini minara mipya.

Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inafichwa si kwa hila, bali kwa sababu wachache mno wamepata kuielezwa. Twapenda leo kuieleza.

Kwanza kabisa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyafanya kuwa moja. Kasi ni wingi wa habari unaopita katika njia kwa sekunde moja. Ucheleweshaji ni muda ambao chembe moja ya habari, ambayo wataalamu huiita pakiti (nayo si kile kifurushi cha vocha ambacho wananchi hununua), hutumia tangu itoke hadi ifike. Lori la tani thelathini lina uwezo mkubwa wa kubeba kuliko pikipiki, lakini ukitaka barua moja ifike upesi hungoji lori lijae.

Nao umbali hauwezi kubebeshwa lawama zote. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita elfu moja hivi, nao mwanga huumaliza kwa elfu tano za sekunde, yaani milisekunde 5. Hata tukifuata kebo ya baharini ya kilomita 10,000 kwenda Ulaya, safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 100, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sasa mtu wa Geita apobonyeza na jibu likamjia baada ya sekunde tatu, muda uliobaki umekwenda wapi? Haukupotelea baharini. Aghalabu pakiti yake ilikuwa imesimama mahali fulani, katika foleni, ikingoja zamu.

Mahali hapo pa kungojea huitwa bafa. Ni sehemu ya kumbukumbu ndani ya chombo, iwe simu, ruta ya ofisini, mnara, au kituo kinachounganisha minara, ambamo pakiti huwekwa zinapofika nyingi kuliko zinavyoweza kutoka. Watu wa ukanda wa dhahabu hawahitaji mwalimu wa kuwafahamisha jambo hili, maana wanalo mbele ya macho yao kila siku penye karasha la kusagia mawe.

Tuseme karasha lasaga viroba ishirini kwa saa. Mbele yake pana uwanja wa kuweka viroba vinavyosubiri. Uwanja huo ni wa lazima: mawe hayaji kwa mpango, mara yaja mengi, mara hayaji kabisa, na pasipo akiba mashine ingezunguka bure huku mafuta yakiungua. Uwanja wa viroba kumi watosha. Kiroba cha mwisho kitangoja nusu saa. Lakini mwenye karasha akiona fahari kuwa na uwanja mkubwa, akaupanua ukabeba viroba mia nne, je, karasha litasaga upesi zaidi? La, hata kidogo. Litasaga viroba ishirini kwa saa kama jana, ila sasa anayefika mwisho atangoja saa ishirini. Na mtu aliyekuja na kopo moja tu la mawe ya kupima, apate kujua kama duara lake lina mali au halina, atasimama nyuma ya viroba mia nne vya watu wengine.

Liko na jambo la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza. Walio shimoni hujua kwamba karasha limezidiwa pale tu mzigo wao unapokataliwa. Maadamu uwanja wapokea, wao waendelea kupandisha. Uwanja mdogo hukataa mapema, habari hufika shimoni mapema, watu hupunguza mwendo. Uwanja mkubwa hunyamaza, hupokea, hupokea tena, na siku unapokataa, msongamano umekwisha kuwa mlima.

Ndivyo intaneti inavyokwenda, neno kwa neno. Mwezi Oktoba 1986, kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, majengo yaliyotengana kwa hatua mia chache tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson alichunguza sababu, na mwaka 1988 akatoa kanuni ambayo vizazi vyake vinaendesha mitandao hata leo: anayetuma aongeze mwendo kidogo kidogo mpaka pakiti ipotee, ikipotea, na achukue hiyo kuwa ni ishara kwamba njia imejaa, apunguze. Kupotea kwa pakiti, basi, si ajali. Ni habari.

Lakini miaka ilivyopita kumbukumbu za kompyuta zikawa rahisi, na watengenezaji wa vyombo wakaona ni aibu kupoteza pakiti hata moja. Wakapanua uwanja. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Bell Labs, aliona kwamba njia ya intaneti ya nyumbani kwake ikiwa na mzigo, jibu huchukua zaidi ya sekunde nzima, ilhali njia ikiwa tupu huchukua kitambo kidogo sana. Alipofuatilia akakuta bafa zilizovimba kila mahali. Tangu hapo maradhi hayo yana jina miongoni mwa wataalamu, nasi kwa Kiswahili twaweza kuyaita kuvimba kwa bafa.

Sasa tuje kwenye hewa, maana hapa ndipo Shinyanga na Geita zinapoumia kuliko mji wenye waya wa kioo mpaka mlangoni. Waya una kasi moja asubuhi na jioni. Redio haina tabia hiyo. Simu iliyo chini ya mnara mjini Geita yaweza kupokea megabiti 20 kwa sekunde. Simu hiyo hiyo ikipelekwa nyuma ya kilima upande wa Rwamagasa, au ndani ya nyumba yenye paa la bati na kuta nene, yaweza kushuka hadi megabiti moja, au chini ya hapo. Wakishika simu watu wengi kwa pamoja jioni, hushuka tena. Lakini bafa haikushuka! Imebaki na ukubwa ule ule aliouweka fundi siku ya kwanza. Hebu tufanye hesabu. Bafa ya megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa megabiti 20 kwa sekunde huisha kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Si vizuri, lakini mtu atavumilia. Kwa megabiti moja, bafa hiyo hiyo yahitaji sekunde nane. Kwa kilobiti 200, sekunde arobaini. Chombo ni kile kile, fundi ni yule yule, na kampuni haikuvunja ahadi yoyote iliyoandikwa. Ila mwananchi wa mjini angoja kufumba na kufumbua, na wa kijijini angoja mpaka asahau alichouliza.

Kanuni ya zamani ilisema bafa iwe sawa na kasi ya njia ikizidishwa kwa muda wa kwenda na kurudi. Njia ya megabiti 10 yenye safari ya milisekunde 200 yahitaji kilobaiti 250. Ni kanuni ya busara, lakini yadai mtu ajue kasi ni ngapi, nayo redio hubadilika kila mara. Ukipima kwa hali njema, umewaonea walio mbali. Ukipima kwa hali mbaya, umewanyima walio karibu kasi waliyolipia. Kwa hiyo hatusemi, kama wasemavyo wengine kwa hasira, kwamba bafa zikatwe hadi mwisho. Mtandao wa redio hutuma kwa mafungu, na pakiti iliyoharibika hewani hurudiwa. Pasipo akiba ya kutosha, mafungu yatakwenda nusu tupu na kasi itaanguka. Atakayekata ovyo atawaponza walewale anaotaka kuwasaidia.

Yafaa pia tuwe waangalifu katika kulaumu. Kutuma fedha kwa kubonyeza nyota na reli hakupiti katika foleni tunayoizungumzia. Kuna njia nyingine, na kukwama kwake kuna sababu nyingine. Tena katika minara ya 4G aghalabu kila simu hutengewa foleni yake, kwa hiyo jirani anayetazama sinema hupunguza kasi yako, lakini hasimami moja kwa moja mbele ya pakiti zako. Anayesimama mbele yako ni wewe mwenyewe: simu yako inayopeleka picha na video kwenye hifadhi yake bila kukuuliza, huku unajaribu kuzungumza na mwanao aliye Dodoma. Na pale ambapo ruta moja ya laini ya simu inalisha duka zima, shule nzima au ofisi nzima ya kata, hapo watu thelathini wana foleni moja, na mmoja tu akipandisha video, wote ishirini na tisa husimama.

Je, jambo hili ni la anasa, la vijana wachezao michezo ya kompyuta? Wako wasemao hivyo. Sisi twawaomba wafike Geita. Tangu Machi 2019, lilipofunguliwa soko la madini la Geita, mchimbaji mdogo ana mahali halali pa kuuza dhahabu yake, na Tume ya Madini hutangaza bei elekezi. Lakini bei ya dunia hupanda na kushuka mchana kutwa. Mnunuzi mwenye njia nzuri ya mawasiliano huiona inavyobadilika. Mchimbaji wa Mgusu au Nyarugusu anayetaka kuuliza kabla hajaondoka na mzigo wake hukodolea macho duara linalozunguka kwenye kioo. Biashara ya watu wawili, mmoja anajua na mwingine anangoja kujua, haijapata kuwa biashara ya haki.

Kadhalika mganga wa kituo cha afya anayetaka kuzungumza kwa video na bingwa wa Bugando, na shahidi anayeitwa kutoa ushahidi mahakamani kwa njia ya video. Shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, katika pendekezo lake linaloitwa G.114, lashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na ikizidi 400 haifai kwa mazungumzo ya kawaida. Sauti ikichelewa sekunde mbili, watu wawili hawazungumzi. Wanahutubiana kwa zamu, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Hakimu atamwona shahidi anasitasita, kumbe maneno yake yamesimama mnarani. Hilo si jambo dogo.

Na dawa ipo. Si ya kubuni, wala si ya kununua kwa bei ya kutisha. Sally Floyd na Jacobson walipendekeza mwaka 1993 kwamba chombo kianze kutoa ishara kabla foleni haijajaa, lakini njia yao ilikuwa na vipimo vingi vya kurekebisha na mafundi wengi hawakuitumia. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walitoa njia nyingine iitwayo CoDel, nayo ndiyo inayofaa hewa, kwa sababu haiulizi bafa ina pakiti ngapi bali huuliza pakiti imekaa humo muda gani. Ikiona kwamba kwa muda wa milisekunde 100 hakuna hata pakiti moja iliyongoja chini ya milisekunde 5, yaanza kutupa pakiti moja moja, na watumaji hupata habari. Kasi ikishuka kwa sababu ya mvua au umbali, kipimo hakihitaji kubadilishwa, maana saa ni saa. Ndugu yake, FQ-CoDel, huongeza jambo ambalo kila mwenye karasha mwungwana angelifanya: hutenga foleni za wateja mbalimbali, na mwenye kopo moja hupitishwa bila kungoja viroba mia nne. Njia hizo mbili zimeandikwa katika nyaraka rasmi za intaneti tangu Januari 2018, na programu yake ni huria, imo ndani ya Linux tangu 2012. Mtu yeyote aweza kuichukua bila kulipa senti.

Kwa Wi-Fi kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana foleni nyingine zilijificha ndani kabisa ya chombo, na simu moja iliyo mbali ilikuwa ikila muda wa hewa wa wenzake wote. Watafiti, miongoni mwao Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad kule Sweden na Dave Täht, ambaye alifariki Aprili 2025 baada ya kuitumikia kazi hii kwa zaidi ya miaka kumi, walionyesha mwaka 2017 kwamba foleni zikipangwa upya na muda wa hewa ukigawanywa kwa haki, ucheleweshaji chini ya mzigo hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ulivyokuwa. Hawakuongeza mnara hata mmoja.

Tahadhari moja kwa mafundi wetu. Vipimo hivyo viliwekwa na watu wenye njia pana. Pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 katika njia ya megabiti moja huchukua milisekunde 12 kupita peke yake. Ukidai isizidi 5, utakuwa unaiadhibu kwa kosa la kuwako. Huko vijijini kipimo kipandishwe kidogo, na waliotunga kanuni wenyewe waliliona jambo hilo.

Wapo watakaosema: haya yote ni kupaka rangi nyumba inayobomoka, ongezeni upana wa njia, na foleni itakwisha yenyewe. Watatuonyesha Kigongo na Busisi, ambako kwa miaka mingi magari ya kwenda Geita yalipanga mstari kungoja kivuko, na tangu Juni 2025 daraja la kilomita tatu limeifuta foleni hiyo. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatuidharau. Hapana shaka minara yahitajika, na mkataba wa minara 758 uliotiwa saini Mei 2023 kwa ajili ya vijiji visivyofikiwa vizuri ni jambo la kupongezwa. Lakini daraja la Busisi halisinyai jioni wala halipungui upana mvua inaponyesha. Njia ya redio hufanya hivyo. Tena kanuni ya mwaka 1988 humwamrisha anayetuma aongeze mwendo mpaka njia ijae. Mpe njia pana mara mbili, naye akiwa na faili kubwa ataijaza mara mbili. Mei 2024, zilipokatika kebo za EASSy na Seacom baharini na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia sana, upana ulitoweka kwa siku moja. Siku kama hiyo, mwenye foleni iliyosimamiwa vizuri hupata polepole. Mwenye bafa iliyovimba hapati kitu.

Sasa twasema nani afanye nini. Makampuni ya simu, ambayo mazungumzo yao wenyewe ya sauti juu ya 4G huyapitisha katika njia ya upendeleo, yamekwisha kuonyesha kwamba yajua jinsi ya kusimamia foleni. Basi na wayasimamie pia mazungumzo ya mwananchi aliyelipia data yake. Wanaponunua vyombo vya mnara waandike katika zabuni kwamba foleni ipimwe kwa muda, si kwa baiti. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku kutoka fedha za umma, una haki kabisa ya kuweka sharti hilo katika mikataba ijayo, maana mnara uliojengwa kwa ruzuku ukawa na foleni ya sekunde nane umefika kijijini kwa jina tu.

Halmashauri, shule na hospitali zisingoje. Ruta nyingi zaweza kuwekwa programu huria yenye FQ-CoDel, na penye waya wa kioo fundi aweka kikomo kidogo chini ya kasi iliyonunuliwa, ili foleni ikae ndani ya ruta yake anayoweza kuitawala. Penye laini ya simu kazi ni ngumu, kwa kuwa kasi yenyewe haitulii, lakini hata kuzuia simu zisipandishe video saa za kazi ni nafuu kubwa.

Na Mamlaka ya Mawasiliano, iliyo na kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018 mkononi, twaiomba itangaze kwa kila kampuni na kila wilaya, kando ya tarakimu ya kasi, tarakimu ya pili: jibu huchukua milisekunde ngapi njia ikiwa imejaa. Si njia ikiwa tupu, maana njia tupu haina foleni, na kila kampuni itashinda mtihani huo. Marekani, tangu Aprili 2024, makampuni yalianza kulazimishwa kuonyesha ucheleweshaji katika lebo ya huduma wanayouza, pamoja na kasi na bei. Kazi yenyewe yahitaji simu mbili tu: moja ipandishe faili kubwa, ya pili, juu ya ruta hiyo hiyo, ihesabu muda wa jibu. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na daraja limekwisha funguliwa. Wakaguzi na waende Katoro, Ushirombo, Kakola na Mwadui, na wasipime saa nne asubuhi watu wakiwa shambani na mashimoni. Wapime saa mbili usiku.